Vijiti Kumi na Viwili vya Mtini

Mdogo wangu alinipigia simu Jumatano, akaniambia kwamba Jumamosi anaukata mti wa tini. Hakuniomba ruhusa, alinipa taarifa tu. Nilikuwa nyumbani kwangu Rasbura, nimekaa kwenye cherehani, gauni la mteja likiwa nusu chini ya sindano. Nikamwambia asiuguse mpaka nifike. Akakata simu.

Yeye ni mtoto wa baba yangu na mama mdogo, mke ambaye baba alimuoa baada ya mama yangu kufariki. Mtini huo aliupanda mama, nyuma ya nyumba yetu ya Rutamba, karibu mno na ukuta wa chumba cha kulala. Mama hakuacha vitu vingi. Nguo zake ziligawiwa, vyombo vikavunjika kimoja kimoja, na picha yake ya pekee ikaliwa na mchwa. Ulibaki mti. Kila nilipokwenda kusalimia, nilizunguka kwanza nyuma ya nyumba ndipo nikaingia ndani. Sasa mizizi ilikuwa imeinua sakafu, na ufa ulipanda kutoka msingi mpaka chini ya dirisha. Katika chumba hicho ndimo alimolala mama mdogo, na masika yalikuwa yanakaribia. Yote hayo niliyajua, ila kwa hasira niliyokuwa nayo sikutaka kuyafikiria.

Sikuingoja Jumamosi. Alhamisi asubuhi nikapanda gari la kwenda Rutamba, na nilisikia shoka kabla sijaiona nyumba. Alikwishaanza. Nusu ya matawi ilikuwa chini, na jirani mmoja alikuwa akimsaidia kuyaburuta. Tangu ajue kusema, mdogo wangu hajawahi kuniona akaacha kunipa shikamoo. Siku ile alisimama tu na shoka mkononi.

"Ulisema Jumamosi," nikamwambia.

"Nilijua utakuja kunizuia."

"Mti huu si wako."

"Na mama anayelala humo ndani, si wako?"

Nikaushika mpini wa shoka. Naye hakuuachia. Tukabaki hivyo, kila mmoja akivuta kidogo. Jirani akasogea pembeni. Nilikuwa na zaidi ya miaka arobaini, nimeng'ang'ania shoka na mtu niliyemlea mgongoni, na sikujua ningefanya nini kama angeniachia.

Mama mdogo akatoka na kisu cha jikoni. Hakutugombeza. Alitupita, akaketi chini kwenye matawi yaliyoanguka, akaanza kuyapekua. Akaniambia bila kuinua uso, "Njoo huku. Jua likivikuta vijiti hivi, vitakuwa kuni."

Nikauachia mpini.

Alikuwa amejifunza kuotesha mitini kwa vijiti kwao Mtama, tangu usichana. Alinionyesha nichague kijiti cha unene wa kidole gumba, kilichokomaa, chenye gome la kahawia, niache ncha za kijani. Urefu shibiri moja, na nikate chini kidogo ya kifundo, maana mizizi hutokea hapo. Maziwa ya mti yalitiririka mikononi. Akanionya nisijiguse machoni. Tulipata vijiti kumi na viwili, tukavifunga kwenye kanga iliyolowekwa maji. Nyuma yetu shoka lilikuwa limeanza tena. Mti ulipoanguka nilihisi ardhi ikitikisika chini yangu, lakini sikugeuka. Niliondoka bila kumuaga mdogo wangu.

Nyumbani nilikata chupa za maji za plastiki, nikazijaza mchanga wa mtoni na mboji kidogo, nikachomeka kila kijiti kwenye chupa yake. Nilizipanga kivulini, nyuma ya jiko. Mikono ilinivimba kwa ule utomvu, ikatoa malengelenge, nikashindwa kushona kwa siku kadhaa. Nilimwagilia asubuhi na jioni. Nilichoogopa ni ukavu tu. Hakukuwa na mti mwingine wa kurudia kukata, na wazo hilo lilinitoa kwenye cherehani kila mara nikavitazame.

Wiki ya tatu vikachipua. Saba vilikuwa na majani madogo ya kijani. Nikampigia mama mdogo kwa furaha. Alinisikiliza, kisha akauliza, "Mizizi umeiona?"

Nikamwambia bado.

"Basi usifurahi. Kijiti kinaweza kutoa majani huku kinakufa."

Siku chache baadaye majani yakalegea. Nikazidisha maji. Nikakivuta kimoja, chini kilikuwa cheusi, kinanuka. Kesho yake kingine. Nilitupa vitano, na kila nilichokitupa nilikihesabu kuwa mdogo wangu ndiye aliyekiua.

Mvua zikaanza kwa nguvu. Jioni moja, baada ya siku mbili za mvua mfululizo, mdogo wangu akasimama mlangoni, amelowa, amemshika mama yake mkono. Ukuta ulikuwa umeanguka mchana, wakati mama mdogo yuko jiko la nje anapika. Matofali yaliangukia kitandani kwake. Mdogo wangu aliyasimulia hayo akitazama sakafu, kisha akasema taratibu, "Nilichelewa kuukata, dada."

Nikaenda kumtafutia nguo kavu.

Asubuhi yake mama mdogo aliomba kuonyeshwa vijiti. Akatia kidole kwenye mchanga, akainua chupa moja, akaigeuza kutazama chini yake. Kisha akanitazama mimi.

"Hukutoboa?"

Sikuwa nimetoboa hata moja. Maji yote niliyomwagilia yalikuwa yamebaki humo ndani, na mimi ndiye niliyevizamisha. Mdogo wangu alikuwa amesimama nyuma yetu. Angeweza kusema lolote, na ningestahili. Aliuliza tu kama nina msumari. Akaupasha moto kwenye jiko la mkaa, akatoboa chupa saba, moja baada ya nyingine, mimi nikimshikia. Maji yaliyotoka yalikuwa na harufu ya kuoza.

Vinne vilikwishakufa. Mama mdogo, aliyekaa kwangu mpaka ukuta ulipojengwa upya, alinikataza nisivivute vilivyobaki wala nisivimwagilie mpaka yeye aseme. Nilikaa na mikono mapajani kama mtoto aliyekatazwa. Viwili vikakauka mbele ya macho yetu. Kimoja kilikaa vilevile, hakina jani, hakisinyai, hadi asubuhi moja nikaona uzi mweupe umejibana kwenye ubavu wa chupa. Nikamwita mama mdogo aje athibitishe. Alivaa miwani, akainama muda mrefu, akasema ni mzizi.

Mdogo wangu alipokuja kumchukua mama yake, ndiye aliyechimba shimo la kukipanda uani kwangu, mbali na nyumba. Mti sasa umenipita kimo. Umezaa mara moja, tini chache ambazo popo walizimaliza. Msimu uliopita mdogo wangu aliniomba kijiti akapande Rutamba. Nilimwambia asubiri kidogo. Kisu nilikishika, nikasimama pale chini ya mti, nikarudi nacho ndani. Yeye hajauliza tena, na mimi bado sijakata.