Vyumba vya Watu Sabini na Wawili

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa akiwapangia watu wengine mahali pa kulala. Alikaa nyuma ya meza ya mapokezi katika nyumba ya wageni iliyosimama kati ya ziwa na mashamba ya mizabibu, na ukutani nyuma yake kulikuwa na ubao wenye misumari ishirini na minane, kila msumari na ufunguo wake. Wenzake kazini walimwita Bi Funguo, na jina hilo likamfuata mpaka nyumbani. Hata mumewe, fundi wa injini za boti, alimwita hivyo akitaka kumchokoza. Alijua kwamba mkoromaji halazwi jirani na maharusi. Alijua pia kwamba waliotoka kuonja mvinyo mashambani hawapewi vyumba vya juu, maana ngazi zilikuwa nyembamba na wao wakati huo walikuwa wanahitaji nafasi.

Kwa hiyo Mama aliposema anataka kuwaona watu wake wote mahali pamoja, hakuna aliyeuliza nani atapanga.

Mama alikuwa na miaka themanini na mmoja na aliishi kwa Bi Funguo, katika chumba cha mbele. Alilisema jambo hilo Jumapili asubuhi, amekaa kitandani, binti yake akimfunga vifungo vya sweta.

"Nimechoka kuwaona mmoja mmoja kama wagonjwa wanaoingia kwa daktari," alisema. "Waje wote. Na kaka yako na Kitinda nitakaa nao meza moja. Mmoja huku, mmoja huku."

Bi Funguo alifunga kifungo cha mwisho, akaona alikosea tangu cha kwanza. Upande mmoja wa sweta ulining'inia. Akaanza upya.

Meneja alikubali kumwachia nyumba nzima siku tatu, wiki ya pili baada ya mavuno, wageni wa mvinyo wakishaondoka. Bi Funguo akafungua kundi la simu la ukoo. Kufikia Ijumaa lilikuwa na kelele kama soko. Shangazi aliuliza kama magodoro ni magumu, akajibiwa, akauliza tena. Binamu mmoja alituma picha za maua kila kukicha na hakujibu swali hata moja, likiwemo lile la kama anakuja. Mpwa aliyefuga mbwa mkubwa kama ndama alitaka kujua kama mbwa naye ni ukoo. Mjomba aliandika kwamba hanywi mvinyo, hapendi wanaokunywa mvinyo, na anaomba chumba kinachotazama mizabibu. Bi Funguo alicheka peke yake pale mezani. Aliandika, akafuta, akahamisha watu kutoka chumba hiki kwenda kile, hadi orodha ikafika watu sabini na wawili.

Watu wawili hawakuandika chochote kundini. Mmoja alikuwa Kaka, mkubwa wao, msimamizi wa wavunaji katika shamba la mizabibu lililopanda mlima nyuma ya mji. Mwingine alikuwa Kitinda, kitindamimba wa Mama, nesi katika nchi ya mbali.

Sababu ukoo mzima ulikuwa unaijua. Baba alipofariki, miaka kumi na moja nyuma, Kitinda alisafiri siku mbili na kufika jioni ya siku ya mazishi. Alishuka na sanduku lake mkononi akakuta kaburi limefunikwa na watu wanakunja maturubai. Kaka ndiye aliyeamuru waanze. Kitinda alimfuata mpaka alipokuwa amesimama, akamwambia mbele za watu, "Umemfukia baba yangu kama takataka." Kesho yake akaondoka. Tangu hapo hawakuwahi kusemezana. Kitinda alipokuja kumwona Mama, Kaka alikuwa na kazi nyingi. Kaka alipokuja, ilikuwa kwa dakika kumi, akiwa amesimama mlangoni.

Bi Funguo alianza na Kitinda. Alimpigia mchana, wakati wa mapumziko yake hospitalini.

"Dada, nitakuja," Kitinda alisema. "Lakini Kaka aniombe msamaha kwanza. Hata kwa simu. Wewe ulimwambia nimepiga, ulimwambia basi limeharibika anisubiri, akakataa. Uliniambia kwa mdomo wako. Bila wewe nisingejua kama ana moyo wa jiwe kiasi hicho."

"Ni zamani, mdogo wangu."

"Kwangu si zamani."

Akampigia Kaka jioni hiyohiyo. Kulikuwa na upepo kwenye simu na sauti za watu wakipakia makreti.

"Msamaha wa nini?" Kaka aliuliza. "Nilikuuliza mara mbili, Kitinda amepiga? Ukasema hajapiga. Watu wamesimama juani, Mama ameanguka mara mbili. Ningefanyaje? Mimi ni mganga, nijue yuko wapi? Yeye ndiye aliyenitukana. Aanze yeye."

Bi Funguo aliiweka simu mezani na kuifunika kwa daftari la wageni, kana kwamba ingeendelea kusema.

Kitinda alikuwa amepiga. Ilikuwa saa mbili na nusu asubuhi siku ya mazishi, na Bi Funguo aliipokea simu akiwa jikoni, mikono imejaa povu la sabuni. Basi limekufa njiani, wanatafutiwa lingine, atafika jioni, wamngoje, tafadhali wamngoje. Alisema sawa. Kisha Kaka akachungulia mlangoni na kuuliza, naye akasikia mdomo wake ukisema, "Hajapiga." Jioni, Kitinda alipomshika mabega na kumuuliza kama hakuufikisha ujumbe, mdomo uleule ukasema, "Nilimwambia, akakataa." Uongo wa kwanza ulihitaji wa pili, na wa pili ulikaa vizuri kiasi kwamba hakuna aliyewahi kuugusa.

Kwa wiki mbili alijaribu kutibu jambo hilo kwa njia aliyoizoea, yaani kwa kuta na ngazi. Alimweka Kitinda chumba cha tatu chini, upande wa ziwa. Kaka chumba cha ishirini na sita, juu, upande wa mlima. Hakuridhika. Akapanga Kitinda afike Ijumaa na kuondoka Jumamosi saa sita, na Kaka aje saa kumi. Alimsomea Mama mpango huo kwa sauti ya kawaida, haraka haraka, akiuchomeka kati ya habari za magodoro na za mbwa.

Mama hakuwa mtu wa kupitwa na kitu.

"Huyu anatoka, yule anaingia? Unanipangia zamu, kama walinzi?"

"Ni nafasi tu, Mama."

"Nafasi!" Mama alitazama dirishani kitambo. "Nikuambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Kaka yako ameacha kukaa hapa kwa sababu anajua namlaumu. Na kweli namlaumu. Mtoto wangu wa kwanza. Kila akiingia mlangoni namwona anaamuru watu wachukue makoleo wakati mdogo wake yuko njiani. Miaka yote hii sijaweza kumtazama usoni. Mungu anisamehe."

Bi Funguo aliinuka akasema anakwenda kuanua nguo. Kamba ilikuwa tupu, hakuwa amefua. Alisimama uani ameishika kwa mikono miwili. Siku zote alijiambia kwamba aliwagombanisha ndugu wawili tu, na ndugu hugombana, hupatana. Hakuwahi kujua kwamba alimnyang'anya Kaka mama yake pia.

Kesho yake aliomba ruhusa ya nusu siku, akapanda mlimani kwa miguu.

Yalikuwa mavuno ya mwisho. Wavunaji walikwenda wameinama mstari kwa mstari, mkasi mkono mmoja, kishada mkono mwingine, na nyigu walizunguka makreti. Kaka alikuwa mwisho wa mstari akikagua zabibu, akitupa zilizooza. Alipomwona alitabasamu.

"Umekuja kunipa chumba cha mjomba?"

"Kaka, njoo pembeni."

"Sema hapahapa. Hawa wanasikiliza redio."

Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, yote yakamtoka kichwani. Akasema tu, "Kitinda alipiga simu. Siku ile. Alipiga asubuhi. Nilikudanganya, kisha nikamdanganya na yeye. Nilimwambia wewe ndiye uliyekataa."

Kaka aliendelea kukitazama kishada alichoshika. Punje moja ikapasuka katikati ya vidole vyake, maji yakamtiririka mkononi.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

"Kwa nini?"

"Nilikuwa nimechoka. Nilitaka iishe."

"Wote tulichoka. Kwa nini?"

Bi Funguo alitazama chini. Hapo ndipo alipolitoa lile ambalo hata yeye mwenyewe alikuwa hajawahi kulisema kwa sauti. "Nilimwosha Baba miaka miwili. Nilimlisha, nilimgeuza kitandani. Kitinda alikuja mara moja, akaleta manukato. Mara moja! Na siku hiyo anasema tumngoje. Nikasema moyoni, Baba alikungoja hukuja, na sisi hatukungoji."

Kaka alikiweka kishada kwenye kreti taratibu, kama yai. Alikuwa mtu wa kufoka. Angefoka, Bi Funguo angejua pa kujishikia. Hakufoka.

"Unajua Mama hanitazami usoni?" aliuliza.

"Nimejua jana."

"Mimi nimejua tangu siku ile." Akachukua mkasi wake. "Nenda ukamwambie Kitinda. Leo. Kisha Mama. Usije kunimwagia mimi haya ukadhani umemaliza."

Akaingia katikati ya mizabibu, na mara akasikika akimkemea mvunaji mmoja aliyeacha vishada nyuma.

Alimpigia Kitinda kutoka chumba cha kumi na nne, ambacho wageni wake walikuwa wametoka asubuhi, amekaa kwenye kitanda kisichotandikwa. Safari hii alilisema lote bila kungoja kuulizwa, hata la manukato. Upande wa pili alisikia magurudumu ya kitanda cha wagonjwa yakipita, na mtu akiita.

"Ungenitukana," Kitinda alisema mwishowe. Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ungenipigia ukaniambia, wewe mshenzi, njoo umwoshe baba yako. Ningelia, lakini ningekuja. Badala yake umeniacha nimchukie Kaka, halafu kila mwaka nakuletea wewe zawadi."

"Nisamehe, mdogo wangu."

"Sijui," alisema, akakata.

Mama aliambiwa saa kumi, akiwa kwenye kiti chake. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani. Hakulia, hakumlaani mtu. Alisema, "Nipigie kaka yako, halafu utoke." Bi Funguo alibonyeza namba, akampa simu, akatoka na kufunga mlango. Jioni hiyo mumewe ndiye aliyempelekea Mama chakula, kwa kuwa Mama alisema hivyo ndivyo anavyotaka.

Kundi la simu liliendelea kuuliza habari za magodoro. Naye aliendelea kujibu.

Walikuja sitini na tisa. Binamu wa maua alifika wa kwanza, bila kuwa amejibu. Mbwa alikuja na kulala varandani kama mgeni mwingine yeyote. Ijumaa alasiri gari la Kaka lilisimama mbele ya mapokezi, na Kitinda akashuka upande wa abiria. Kaka alikuwa amekwenda mwenyewe kumpokea uwanja wa ndege. Walikuwa wanabishana juu ya njia waliyopita. Macho yao yalikuwa mekundu. Kaka alibeba sanduku, akampita dada yake pale mezani akimwinamishia kichwa kidogo. Kitinda alipokea ufunguo, akasema "Asante," kama wasemavyo watu kwa mhudumu mwema, akaelekea chumbani.

Jumamosi Mama alikaa katikati ya meza, mmoja huku, mmoja huku. Alimshika Kaka kidevu mbele za watu, akamgeuzia uso kwenye mwanga, akamtazama kwa muda mrefu mpaka meza za jirani zikanyamaza. Bi Funguo aliyaona hayo kutoka mlango wa jikoni, sinia mkononi. Shangazi akamwita akae. Akasema wapishi wanamhitaji. Wapishi hawakumhitaji. Alisimama karibu na sinki, akalia kwa furaha na kwa kitu kingine ambacho hakikuwa furaha hata kidogo.

Jumapili, baada ya chakula cha mchana, watu wakiwa kando ya ziwa wanapigana picha, Kitinda alimfuata chumba cha kufulia. Mashine mbili zilikuwa zinazunguka. Alikaa juu ya kapu la mashuka bila kukaribishwa.

"Niambie siku zake za mwisho," alisema. "Zote. Na usinipunguzie kwa kunihurumia."

Bi Funguo akamwambia. Alimwambia namna Baba alivyokataa kunyolewa na mtu mwingine, alivyokuwa akiita chumba chake "ofisini", alivyosahau jina la kila mtu isipokuwa jina la ng'ombe aliyewahi kumfuga ujanani. Alimwambia na mabaya: harufu, vidonda, na ile siku yeye mwenyewe alipompigia kelele mzee mgonjwa kisha akamwomba msamaha akiwa amepiga magoti. Kitinda hakumshika mkono. Kila alipotua, Kitinda alisema, "Endelea," mpaka mashine zikasimama na mtu akaja kutafuta mataulo.

Kitinda aliondoka Jumatatu bila kusema amesamehe. Kaka alianza kuja kila Jumapili, akakaa na Mama saa nzima na zaidi. Bi Funguo alimsalimu kwa heshima, naye akaitikia kwa heshima hiyohiyo, na utani wa vyumba haukurudi. Simu za Kitinda zilipita kwa Mama. Zikilia chumba cha mbele, Bi Funguo aliacha alichokuwa anafanya akatoka uani, ili asionekane kama anasikiliza.

Mwezi wa nne simu moja ya Kitinda ilikuja kwake, akiwa kazini. Kitinda hakuwa na jambo. Aliuliza kama mvua imenyesha. Bi Funguo akamwambia imenyesha kidogo, upande wa mlima, na wakazungumzia mvua kwa dakika tano nzima.