Wati Tatu

Juzi nilimkuta mtoto wa dada yangu akigawanya volti kwa ampea, apate ukinzani wa balbu. Alimwomba mama yake msaada. Dada Habona alilisukuma daftari kwangu.

"Muulize mamako mdogo. Mimi hesabu hizo zilinishinda tangu zamani."

Nikasikia tena harufu ya tope la Wema, kijiji chetu, mwaka ule wa mafuriko nikiwa mtoto. Mto ulikuwa umefurika, mahindi yanaoza shambani, na barabara ya Garsen ilikuwa chini ya maji. Baba alikuwa amelazwa Mombasa. Ya kwake tungeyasikia redioni tu, kwenye matangazo ya vifo ya jioni, ambayo Mama aliyaita "habari".

Habona, aliyekuwa sekondari, alisoma namba mgongoni mwa redio: volti sita, nusu ampea. Akapiga hesabu kwenye ukurasa wa daftari lake, akapata ukinzani omu kumi na mbili, nguvu wati tatu.

"Tukiiwasha saa ya habari tu, Mama, betri itafika Jumapili."

Alasiri hiyo walipokwenda kuokoa ndizi, niliiwasha nisikilize nyimbo, sikio nimelibandika kwenye spika. Nilidhani sauti ikiwa ndogo ya kunitosha mimi peke yangu, betri haitajua. Jioni redio ilikoroma, ikanyamaza kabla ya matangazo.

Siku ya tatu jirani alikuja kwa mtumbwi kutupa pole. Baba alikuwa ametangazwa jioni ile ile, na tayari ameshazikwa. Habona aliuchana polepole ule ukurasa wa hesabu.

Leo najua redio hula betri hata ikinong'ona. Nilimwelekeza mtoto hadi akapata jibu. Habona alikuwa akitutazama, na bado sikumwambia kwamba siku ile hakukosea hesabu.