Ulimi wa Guixian

Mke wangu Guixian alikuwa mgonjwa wa mitihani. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake, baada ya kiwanda cha hariri kumstaafisha na vidole vilivyobabuka kwa maji moto.

Miaka kumi na mmoja wanafunzi wa uzamili wa tiba ya Kichina walimshika mkono wakasikiliza mapigo, wakamtazama ulimi, wakaandika anaumwa nini. Asubuhi walimu watatu huwa wamekwisha kumpima na kufungia majibu yao kwenye bahasha. Mwanafunzi akitofautiana nao, ameanguka. Akianguka mara mbili, anafutwa chuoni.

Mimi shule sikuiona. Yeye alinisomea kanuni za chuo tukimenya maharage. Wanafunzi walimwuliza siku za ruhusa ya msiba, au mwisho wa kukabidhi tasnifu, naye akawajibu bila kufungua kitabu.

"Shangazi Kanuni," walimwita.

"Shangazi yenu nani? Nendeni mkasome," alisema. Kisha anawapa maandazi.

Kanuni moja ilimhusu yeye mwenyewe: siku ya mtihani, mgonjwa asile kitu chenye rangi mpaka amalize. Chakula hupaka ulimi rangi, na daktari akaona ugonjwa usiokuwepo.

Mwezi wa tano wa mwaka wa kumi na moja, shemeji alituletea lokwati kutoka Tangqi. Yale matunda ya manjano, laini, yanayochuruzika maji. Adhuhuri nilipokwenda kumchukua mke wangu nilimbebea. Nilidhani amemaliza.

"We mzee, unanitia majaribuni," akasema. "Amebaki mmoja tu. Na hawa wa mwisho huchelewa, rangi itakuwa imetoka."

Akala saba. Kokwa nilizishika mimi.

Huyo mmoja hakuchelewa. Aliitwa Ruoshu, msichana mwembamba wa milimani, aliyekwisha kuanguka mara moja. Guixian alimpenda kwa kuwa hupasha vidole moto kwapani kabla ya kumgusa mtu. Nilikuwa mlangoni, nikasikia.

"Shangazi, umekula nini leo?"

"Uji mweupe. Basi."

"Hakuna kingine?"

"Hakuna."

Msichana akaandika: utando wa ulimi ni wa manjano, tumbo lina joto. Bahasha ikafunguliwa: utando mweupe, mwembamba. Akaanguka.

Jioni Guixian alipika wali, hakuugusa.

"Ningesema nimekula, wangenifuta kwenye orodha," akasema.

"Na yeye?"

Akaweka vijiti vya kulia mezani.

Asubuhi tulimkuta Ruoshu bwenini anafunga godoro kwa kamba.

"Niliona manjano, shangazi," akasema. "Kumbe macho yangu si ya udaktari."

"Macho yako mazima. Ulimi wangu ndio mwongo. Nilikula lokwati, mwanangu, nikakuficha." Msichana akabaki ameshika kamba. "Usinitazame hivyo, nitukane baadaye. Malalamiko ni ndani ya siku tatu, tena kwa maandishi. Lete kalamu."

Profesa Tao, mkuu wa mitihani, alisoma ile karatasi akavua miwani.

"Mama Guixian, daktari ndiye anayetakiwa kuuliza mgonjwa amekula nini."

"Aliuliza. Mara mbili. Nikamdanganya."

"Unamtetea. Nani hajui unavyowaatamia hawa kama vifaranga?"

Guixian akatoa ulimi. Mbele ya profesa, karani, Ruoshu na mimi.

"Rangi gani?"

"Mweupe," akasema profesa. "Lakini mama..."

Guixian akatoa lokwati mfukoni. Akala taratibu, moja baada ya nyingine, karani akimkingia kokwa kwa kifuniko cha kikombe cha chai. Zilipofika saba akatoa ulimi tena. Profesa akamsogeza dirishani, akatazama. Akatazama tena.

"Manjano," akasema karani, ambaye hakuulizwa.

Profesa akaketi. "Miaka kumi na mmoja, mama. Kanuni unaijua."

"Kifungu cha tisa. Lifute jina langu. La mtoto liache."

Ruoshu alipimwa upya kwa mgonjwa mwingine, akafaulu. Guixian akabaki nyumbani. Mwezi mzima alinishika mimi mkono kila asubuhi, akasema mapigo yangu ni ya kasa, yanajikokota. Kazi ile aliipenda. Hakusema, ila nilijua. Siku za mitihani alikuwa anavaa koti lake zuri, anakaa nalo kibarazani. Wanafunzi wakaja hapo hapo kumwuliza kanuni.

Mwaka jana aliugua kweli. Ruoshu, sasa daktari, alikuja kila Jumapili. Ile ya mwisho alipasha vidole kwapani, akamshika mkono, akakaa nao muda mrefu.

"Shangazi, umekula nini leo?"

"Uji mweupe. Basi."

"Hakuna kingine?"

"Safari hii kweli. Muulize mzee."

Ruoshu akanigeukia. Nikaitikia kwa kichwa. Wakacheka wote wawili mpaka Guixian akakohoa, nami nikamshika mgongo.

Lokwati zimeiva tena. Juzi tulimpelekea saba kaburini. Ruoshu alizimenya. Mimi nilishika maganda.