Sahihi Niliyomwekea Dereva

Hadi leo nikikumbuka siku ile mwili unanisisimka, na si kwa woga peke yake. Nilikuwa nimemshtaki msimamizi wangu, mtu aliyekuwa akipita nyuma ya meza yangu ya mapokezi, pale ofisini Oud Metha, Dubai, na kunishika kiuno kana kwamba amekinunua. Nilivumilia miezi minne. Wa tano nikaandika malalamiko, kurasa tatu, tarehe kwa tarehe.

Kampuni yetu ni ya Waingereza na mikataba yetu inafuata sheria ya kwao. Wakaleta wakili kutoka London, mama mwenye sauti ya chini, akanieleza. Ovu analotenda mfanyakazi kazini huhesabiwa kuwa la mwajiri pia, isipokuwa mwajiri athibitishe alichukua kila hatua ya busara kulizuia.

"Na kampuni ilichukua," akasema, akinisogezea karatasi.

Ilikuwa fomu ya mahudhurio ya semina ya kuzuia unyanyasaji wa kijinsia. Majina kumi na manne, sahihi kumi na nne, na yangu imo! Fomu ile ikikubaliwa, kampuni inanawa mikono.

Semina yenyewe haikufanyika hata dakika moja. Msimamizi mwenyewe ndiye aliyeipitisha fomu wakati wa chakula, vidole vyetu vingali na mafuta ya biriani. "Sainini, yalla! Asiyekuwepo asainiwe." Nasi kwa kusaidiana hatujambo, tukasaini. Lakini nani angeniamini mimi dhidi ya karatasi?

Ndipo nikaliona jina la tisa, la dereva wetu, mzee wa Mombasa. Sahihi yake ilikuwa na mkia mrefu, na mkia ule niliuchora mimi. Siku hiyo mzee alikuwa kwao akimwoza bintiye.

Nikaomba dakika kumi, nikashuka mbio hadi kwenye maegesho kumwomba mzee pasipoti yake.

"Mwanangu," akasema, "ukinitoa mimi kwenye fomu, wajitia wewe. Watakufukuza, na viza yako wanayo wao."

"Najua, mzee wangu."

Akanitazama, kisha akafungua droo ya gari. "Haya, chukua. Muhuri hausemi uongo."

Nilipanda ngazi mbilimbili, moyo ukinidunda kwa raha. Wakili akalinganisha muhuri wa uwanja wa ndege na tarehe ya fomu. Akavua miwani.

"Kama alikuwa Mombasa, nani alimsainia?"

Sijawahi kukiri kosa kwa furaha namna ile. "Mimi, madam. Kwa amri ya msimamizi. Waite wenzangu mmoja mmoja, uwaulize siku hiyo walifundishwa nini. Watakwambia biriani."

Aliwaita wote.

Baada ya wiki tatu nilipokea barua mbili kwa mpigo. Katika ya kwanza kampuni ilikiri kuwajibika, na msimamizi alikuwa ameshaondolewa. Ya pili ilikuwa onyo kali kwangu, kwa kughushi sahihi ya mwenzangu.

Hiyo ya pili ndiyo niliyoitia fremu.