Spika ya Duka la Watu Wetu

Nakumbuka harufu kwanza, mwanangu, kabla sijakumbuka mtu wala neno. Harufu ya nta na mpira vinavyoungua, magharibi inakaribia, Ramadhani, ndani ya chumba cha bibi yangu kule Mkoani, Pemba. Imenirudia leo kwa sababu yako. Nimekusikia barazani ukimwambia mkeo kuwa amplifaya umeshaipata, sasa unatafuta spika za bei nafuu za kuitilia. Hebu kaa hapa. Na hiyo simu iweke chini, haikimbii.

Bibi yangu huyo, mama wa baba, alikuwa akiitwa Bi Riziki. Macho yalimpotea mwanzo, kwa mtoto wa jicho. Masikio yakafuata taratibu, hata ikawa tukitaka kumwambia chakula tayari tunamtia sahani mkononi. Kilichomuuma kuliko vyote ni Kurani. Redio ilikuwa ikitoa kisomo kila siku kabla ya futari, naye alikuwa akiibana redio kwa sikio mpaka shavu linabaki na alama, na asipate neno. Akilia. Mtu mzima akilia kimya kimya, mwanangu, nyumba nzima haikaliki.

Baba mdogo, aliyekuwa akifanya kazi Mombasa, akatuletea kwa meli amplifaya iliyotumika, ya kula betri ya gari, ili iikuze sauti ya redio. Spika yake ilipasuka njiani. Ikawa sasa itafutwe nyengine, rahisi, ya kwenda nayo.

Na mjuzi hakuwa mbali. Shemeji yangu Hamadi, mume wa dada yangu Zuwena, alikuja akaigeuza ile mashine akaitazama mgongo. Akamwambia baba, "Baba, hii ina nambari yake ya ohm hapa, na spika lazima ije na nambari hiyo hiyo. Ukiipa yenye nambari ndogo umeitwisha mzigo isiouweza. Mie ninazo mbili ndogo, za redio mbovu. Nikiziunga moja nyuma ya mwenziwe, nambari zinatimia. Nitazitia kwenye sanduku la chai, nilijaze sufi, sauti itoke laini. Bibi atasikia."

Baba alimwacha amalize. Kisha akasema, "Umemaliza? Haya, njia unaijua."

Usishangae. Zilikuwa zama za siasa, miaka ile ya uchaguzi kabla ya uhuru. Pemba yetu iligawika pande mbili hata watu wa ukoo mmoja wakawa hawapeani moto wa kuwashia jiko. Hununui chumvi kwenye duka la upande wa pili, huendi harusini kwao, huzikani nao. Wake waliachwa kwa siasa, watoto mgongoni. Hamadi hakuwa wa upande wetu. Tena yeye ndiye aliyekuwa akifunga vipaza sauti kwenye mikutano ya wenzetu wale, na baba akaapa kuwa mkono uliofunga vile hautafunga kitu nyumbani kwake.

Basi akenda kwenye duka la watu wetu. Akarudi na spika kubwa, kitambaa chake cha mbele kina nyuzi za dhahabu. Wahenga walisema penye urembo ndipo penye urimbo, lakini siku ile hakuna aliyewakumbuka wahenga. Sote tulikuwa tukikipapasa kitambaa. Mwenye duka alikuja mwenyewe kuunga waya. Mama akamuuliza habari ya nambari, naye akacheka. "Ah, bibi wee! Spika ni spika!"

Na ilisema, mwanangu! Sitainyima haki yake. Kisomo kilipotoka, bibi alishika kichwa kwa mikono miwili. "Alhamdulillahi," akasema, "nimerudishiwa." Baba akatoka uani kujifuta machozi. Siku zile chache tulimpata tena bibi yetu. Alicheka, alitutania, akaniambia mie ni mvivu na mume nitakayempata atakula mihogo mibichi.

Lakini sauti ilikuwa na mkwaruzo, na bati la juu la mashine likipata moto hata paka wetu alipopanda kulala aliruka kama aliyetiwa upupu. Hamadi alipita njiani akasikia. Kuja mwenyewe asingeweza, akamtuma mkewe. Dada Zuwena, mjamzito, akapiga hodi kwenye nyumba aliyozaliwa kama mgeni.

"Baba, Hamadi anasema izimeni. Inachemka. Ikiungua, hapa kisiwani haina dawa."

Baba hata ndani hakumkaribisha. "Mwambie mumeo wivu nao una moto," akamjibu, akafunga mlango. Mama alisimama nyuma ya mlango ule, kanga kaibana mdomoni. Hakuna aliyefungua.

Siku ya pili yake, msomaji yuko katikati ya aya, spika ikatoa mlio mmoja mbaya, kisha kimya, kisha ile harufu.

Lahaula! Mashine ni mashine, huungua. Lakini nani atamweleza bibi? Haoni, hasikii. Harufu nayo pua yake ilishaisahau zamani. Baba alipiga magoti akampigia ukelele sikioni, "Mama, imeungua! Imeungua!" Mtaa mzima ulisikia isipokuwa yeye. Akauchukua mkono wake akauweka juu ya spika, labda atatambua. Bibi akapapasa, akakuta haitetemeki tena. Akaupata uso wa baba kwa vidole.

"Umeizimiani, mwanangu? Nimekukosani?"

Kesho yake baba alikwenda kwa Hamadi kwa miguu yake mwenyewe. Hamadi alikuja, wala hakusema "nilikwambieni." Aliifungua mashine, akatuonyesha nambari ndogo mgongoni mwa spika na nyuzi za ndani ya mashine zilivyokuwa nyeusi, akasema kiungo kile ni mpaka Mombasa. Kikaagizwa. Kabla hakijafika bibi alifariki, mwezi haujaandama. Na mpaka siku ya mwisho, kila akiushika mkono wa baba, alimuuliza lile lile, kisha akamwomba radhi. Mama anamwomba mwana radhi, kwa kosa asilolifanya! Baba alikuwa akiitikia, "Umesamehewa, mama," kwa sababu hakuwa na njia ya kumwambia jengine.

Sasa nenda kanunue spika zako. Rahisi si aibu. Zile za Hamadi zilikuwa za kuokota, na zingetosha. Lakini kabla hujatoa pesa igeuze mgongo, usome nambari, uilinganishe na ya mashine yako. Kitambaa hakisikiki. Na la pili ndilo hasa nililokuitia. Neno la kweli likija mlangoni kwako, usiliulize limetoka upande gani. Lipokee, ulifanyie kazi, kisha kama una ugomvi na aliyelileta, mgombane kesho. Hasira ni zako, lakini hasara huenda akaibeba asiyejua hata mligombania nini.

Mola akupe sikio la kusikia mapema, mwanangu, na siku nitakapokuaga mimi, niondoke nikijua kuwa hukuninyima kitu. Amin.