Stendi Nyepesi na Picha ya Mama Mwende

Nakumbuka Jumamosi moja asubuhi, mwanangu, nilipotumwa Dandora kupiga picha ambayo haingerudiwa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili, mfanyakazi wa studio ya Mzee Kilonzo kule Eastleigh, na sifa zilikuwa zimeanza kunilevya. Enzi hizo tulitumia filamu. Picha huioni mpaka isafishwe.

Mama Mwende alikuwa mgonjwa sana. Alitaka picha moja na wanawe wote watano, angali anaweza kuketi. Nyumba yao ilikuwa na dirisha dogo, na mwanga wa flashi ulimuumiza macho. Basi kamera ingelazimika kufumbua jicho lake kwa muda, na ikitikisika hata kidogo, nyuso zinapotea.

Mzee alikuwa ameniambia, "Beba ile stendi nzito ya kamera." Nikaona haya kupita mtaani na dude kama ngazi. Nikabeba yangu mpya, nyepesi, yenye miguu myembamba kama ya korongo. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza; mimi nilinunua kilichojitembeza.

Nikaisimamisha juu ya zulia, nikavuta nguzo ya kati hadi mwisho. Majirani walikuwa wakiingia na kutoka; sikungoja watulie. Mama Mwende akanitazama, akasema, "Piga polepole, binti yangu. Nataka wanione vizuri."

Nikabonyeza kwa kidole, mara sita.

Siku ya nne akafariki. Mwende, kifungua mimba wake, akaja studio kuchukua picha ya kuweka juu ya jeneza. Zote sita zilikuwa na ukungu. Mwende akaisogeza moja dirishani, akauliza, "Dada, hakuna nyingine?"

Nikaenda kumwita Mzee.

Mzee Kilonzo hakunifokea. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," alisema, "lakini leo umevunja la wenzako." Akaniagiza niende kuomba radhi mbele ya ndugu wote. Nilienda. Mwende alinimiminia chai kwa mkono wake, na hiyo ndiyo iliyoniuma zaidi. Mama yao walimzika kwa picha ya kitambulisho iliyokuzwa.

Kwa hiyo, mwanangu, ukichagua stendi, usitazame mng'ao. Ifungue, uikandamize kwa kiganja. Ikiyumba chini ya mkono wako, itayumba na kamera. Itanue miguu sawasawa, mmoja uelekee unakopiga. Vuta vipande vinene vya miguu kwanza, nguzo ya kati iache chini, na mkoba wako utundike hapo katikati uwe uzito. Epuka zulia laini. Iache kamera ipige yenyewe kwa kipima muda, kidole kisiitikise, na watu wakipita, ngoja. Na anayejua akikuambia ubebe kizito, kibebe bila haya, maana maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu aitulize mikono yako, na kila atakayeketi mbele yako awaachie watoto wake sura inayoonekana.