Esta, Mwambie Nyanya Yako

Kuna aibu za kusahaulika na kuna aibu za kuzeeka nazo, na yangu ni ya kuzeeka nayo, kwa sababu hadi leo kuna mzee mmoja hapa Thika (simtaji, anajijua) ambaye tukikutana sokoni huinua macho kwanza akatazama juu, akakohoa kidogo, ndipo anisalimie. Basi heri niwasimulie mwenyewe kabla yeye hajawasimulia na chumvi yake.

Wakati huo nilikuwa kijana, nafanya kazi kwenye kiwanda cha kutia mananasi mikebeni, naishi kwenye laini za kiwanda, zile nyumba za wafanyakazi zilizopangwa safu, na mke wangu Robai na watoto wetu wawili, Jafeti aliyekuwa ndio kwanza amejua kukimbia (na mbio zake ndizo zilizoniponza) na Esta, mchanga wa kunyonya. Kwetu ni magharibi, na kwetu mama mkwe ni mama mkwe. Haingii kwako, hali kwako, hamshikani mkono, hamtazamani usoni, na ukiwa na neno naye unalipitisha kwa mtu mwingine. Ukimwona njiani unaingia kichakani, na kama hakuna kichaka unajikunja hivyohivyo.

Sasa mama yake Robai akaja, akashukia Ruiru kwa shemeji yangu Enoka, kaka yake Robai, aliyekuwa akifanya kazi kwenye shamba la kahawa, na hakuja kusalimia. Alikuja kumchukua binti yake. Watu walikuwa wamempelekea habari kwamba Robai anakohoa, kwamba tunaishi kwenye kibanda cha moshi, kwamba wajukuu wake wanalelewa kwa maganda ya mananasi. Kukohoa Robai alikuwa amekohoa kweli, majira yale ya baridi. Basi mama akasema, kupitia Enoka, kwamba Jumatatu atapanda treni na Robai na watoto wakapumzike nyumbani, na mimi mapumziko ya namna hiyo nilikuwa nayajua, maana mke wa jirani yangu alikwenda kupumzika na hadi leo anapumzika.

Nilikosa usingizi. Nawaambia ukweli, nilimpenda Robai, na nyumba bila wale watoto sikuweza kuiwazia. Lakini utamwombaje mtu usiyeruhusiwa hata kumtazama?

Jumamosi ile kukawa na maonyesho ya mazao na mifugo kwenye uwanja ulio karibu na laini zetu. Emajensi, ile hali ya hatari ya wakoloni, ilikuwa imelegea, watu walikuwa wameanza tena kukusanyika bila kuulizwa kipande cha utambulisho kila hatua, na mji mzima ulikuwa pale. Nikasema, vizuri, tumlete mama aone kwamba Thika kuna raha na kwamba mkwe wake ni mtu wa heshima anayejua kulea. Nikavaa koti na tai. (Tai hiyo mtaisikia baadaye.)

Kulikuwa na fundi mmoja aliyetengeneza bembea la gurudumu, kubwa, refu kupita paa la duka, lenye masanduku ya mbao yenye benchi, na vijana wenye nguvu wakilizungusha kwa mpini wa chuma. Masharti yake mawili: kila sanduku watu wazima wawili ili uzito ulingane, na watoto wadogo wabaki chini. Nikatoa mpango, na niliuona mpango mzuri sana. Robai na mama yake wapande kwanza, mimi nibaki na watoto, na mama akiwa huko juu ajionee jinsi ninavyobeba mtoto. Halafu wao wabaki chini, tupande mimi na Enoka.

Zamu yao ilikwenda salama. Mama alizunguka amekaa wima, kitambaa cheupe kichwani, hakucheka wala hakulia. Sanduku lao likasimama chini, Robai akashuka, mama akabaki kwa sababu kanga yake ilikuwa imenaswa na msumari, na hapohapo Jafeti akachomoka mkononi mwangu akaelekea moja kwa moja kwenye ule mpini. Robai akamkimbilia. Enoka alikuwa amekwenda kutafuta chai. Esta, ambaye alikuwa na njaa, akaanza kupiga kelele za kuita polisi, na mama, bado amekaa ndani ya sanduku, akanyoosha mikono kumtaka mjukuu wake, uso ameugeuzia pembeni kama inavyotakiwa.

Nikimpa mkono kwa mkono, vidole vitagusana. Nikaona ni bora niingize mguu mmoja, nimlaze mtoto kwenye benchi upande wa pili, nitoke, naye amchukue mwenyewe. Heshima itakuwa imetunzwa. Lakini mguu mmoja haukutosha, nikaongeza wa pili, nikainama, na kijana wa mlangoni akaona mgongo wa mtu mzima na kitambaa cha mtu mzima, wawili kamili, akateremsha chuma cha kufungia sanduku nyuma yangu akasema, "Twende."

Tukaenda.

Nilisema, "Bado, bado," lakini nilisema kwa sauti ndogo kwa sababu mama mkwe alikuwepo, na kwa mama mkwe hupandishi sauti. Tulipofika juu kabisa tukasikia mlio wa chuma, sanduku likatikisika, gurudumu likasimama. Mnyororo ulikuwa umetoka.

Nikajibana kwenye ncha ya benchi, mgongo nimempa, nusu ya makalio yangu iko Thika na nusu iko hewani, na sanduku likaanza kulala upande wangu. Fundi akapaza sauti kutoka chini, na uwanja mzima ukamsikia.

"Wewe bwana, kaa katikati! Karibu na mama! Ndoano ya sanduku itachomoka!"

Nikasogea. Mnajua nilivyosogea? Kama mtu anayesogezwa kaburini. Nikafika mahali ambapo Esta peke yake ndiye aliyetutenganisha.

Huko chini nikasikia, "Yule si Zakayo?" na mwingine akajibu, "Ni yeye, na yule ni mkwewe," halafu watu wote wa kwetu wakageuka wakatupa mgongo kwa heshima (ingawa wengine waligeuka tena). Mama mmoja wa Kikuyu aliyekuwa akiuza ndizi akashika kichwa. "Ngai, ati huyo ni mkwe wake? Wee fundi, shusha hao mbio, hiyo ni thahu." Thahu ndiyo ule mkosi wa kuvunja miiko, na Wakikuyu wanaujua sawa na sisi.

Tukakaa. Upepo ukatutikisa. Halafu nikasikia sauti ya mama, kwa lugha yetu, taratibu.

"Esta, mwambie baba yako mimi siogopi kufa. Naogopa kuonekana nimefia hapa."

Esta alikuwa ananyonya kidole. Sikuwa na mpatanishi mwingine, kwa hiyo nikamwinamia. "Esta, mwambie nyanya yako hatutakufa. Fundi anarudisha mnyororo."

"Mwambie asitikise miguu."

"Mwambie si mimi, ni magoti tu."

Nikadhani tumemaliza. Lakini kutoka pale juu mtu aliona kila kitu, mabomba ya kiwanda, mlima wa Kilimambogo, na ng'ambo ya ua, karibu kabisa, laini zetu na mapaa yake yamepangana. Mama akatazama upande huo kwa muda mrefu.

"Esta, nyumba yenu ni ipi?"

Nikashika mkono wa Esta nikaunyoosha. "Mwambie ni ile ya mwisho, yenye nepi kwenye kamba."

"Na yale majani nyuma yake?"

"Mwambie ni kunde. Na mrenda. Na ile ni migomba."

"Mama yako analima kote kule na kifua chake kile?"

"Hapana, Esta. Mwambie nalima mimi, jioni nikitoka kazini. Jembe nilimkataza mama yako tangu alipoanza kukohoa. Na jiko nililitoa nje, lile pale chini ya mabati, ili moshi usimfikie." Kisha, sijui ulimi ulipata wapi ujasiri, nikaendelea. "Mwambie pia kwamba akiwachukua, mimi nitabaki na kunde tu. Mwambie tafadhali."

Kabla hajajibu fundi akarudisha mnyororo, vijana wakavuta, na gurudumu likashuka kwa ghafla, nasi roho zikabaki juu. Mama akamkumbatia Esta kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akashika kilichokuwa karibu, nacho kilikuwa tai yangu. Akashuka nayo hadi chini. Nilifika kwa wananchi wa Thika na Ruiru nikiwa nimefungwa shingoni, ulimi nje, naongozwa na mama mkwe wangu.

Chuma kilipofunguliwa nilikimbia. Sikuaga. Nilijificha nyuma ya zizi la mafahali wa maonyesho, na fahali mmoja akanitazama kwa huruma. Robai alinikuta huko, Jafeti mkononi, na hakuweza kusema kwa muda kwa sababu ya kucheka, mimi nikiwa sioni cha kuchekesha kwani nilijua sasa nimemaliza kila kitu.

"Baba Jafeti," akasema mwishowe, "mama ameniuliza kwa nini sikumwambia habari ya jembe. Anasema Jumatatu ataenda peke yake."

Nilikaa pale pale kwenye samadi nikalia, na sioni haya kusema hivyo. Ule mzigo niliokuwa nimeubeba tangu alipofika ulishuka wote mara moja. Koti lilifuliwa. Wazee wa kwetu walikaa, wakataka mbuzi wa kutusafisha, na huyo mbuzi nilimtoa nikitabasamu.

Jumatatu tulimsindikiza kituoni Ruiru. Mimi nilisimama mbali, nyuma ya nguzo, nimeinamisha kichwa, adabu imerudi mahali pake, Esta begani. Mama akaagana na Robai, akambusu Jafeti, akapanda behewa, na treni ilipoanza kujivuta akatoa kichwa dirishani, macho ameyaelekeza kwingine kabisa.

"Esta," akaita, "mwambie baba yako nikija tena atafute bembea refu zaidi. Ndani ya nyumba yenu sikuona."

Nami nikamwambia Esta amjibu nyanya yake kwamba bembea jingine lolote, liwe refu liwe fupi, zamu ya kupanda ni ya Enoka, na zamu ya baba yake ni ya kubaki chini na watoto, maisha yake yote.